Nyama Isiyo na Mfupa na Tangazo la Tatu la Ndoa

Onesphory Hhando,
Kijiji cha Endasak,
Hanang.
17 Aprili

Kwa Baba Paroko,
Parokiani.

YAH: KUVULIWA UENYEKITI WA JUMUIYA, NA KUZUIWA KWA TANGAZO LA TATU LA NDOA YA BINTI YANGU KWA SABABU YA MAHARAGE

Baba Paroko mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Na shikamoo pia. Kwa umri ungeweza kuwa kitinda mimba wangu, lakini aliyekuweka kuwa Baba hakuniuliza, nami siwezi kuanza malalamiko kwa kukosa adabu.

Hapa nyumbani hatujambo, isipokuwa mahindi yanadai palizi, mke wangu Zita anasumbuliwa na goti, na binti yetu Lucia siku hizi ananiamkia kwa shikamoo ya kumpa mtu wa njiani. Anaitupa, kisha anapita kabla sijasema marahaba. Hilo la Lucia ndilo lililonikalisha mezani kuandika. Haya mengine nayaongeza kwa kuwa kalamu tayari iko mkononi.

Naomba nianze mwanzo. Mwezi wa pili kijiji kilinituma Katesh kwenye semina ya siku mbili kuhusu mbadala wa nyama. Wataalamu walikuja na magari mawili marefu, wakatueleza kwamba dunia inaumia kwa sababu binadamu anakula nyama kupita kiasi, na kwamba kila ng'ombe akibeua anga linaharibika. Sisi tunaokula nyama Krismasi, Pasaka na siku ng'ombe wa jirani akivunjika mguu, tuliombwa tupunguze. Hatukuuliza tupunguze ipi kati ya hizo tatu, maana mgeni hakatishwi kauli.

Mchana tukaonjeshwa nyama mbadala ya kopo. Ni maharage, soya na ngano, vimesagwa na kushindiliwa hadi vikapata umbo la tofali dogo na rangi ya kidonda kinachopona. Mtaalamu mmoja, Bi Eva, alitueleza kwa furaha kwamba maharage yenyewe yamenunuliwa Hanang hii hii. Kwa hiyo yaliondoka kwetu ndani ya gunia yakiitwa maharage, yakazungushwa huko mjini, yakarudi ndani ya bati yakiitwa nyama. Tunao vijana wa kijiji waliokwenda Arusha wakarudi hivyo hivyo.

Mwisho wa semina nilipewa katoni ya makopo kumi na mawili, na fulana ya kijani iliyoandikwa BALOZI WA NYAMA MBADALA. Nikaivaa palepale. Nikiwa stendi nasubiri pikipiki ya kunirudisha Endasak, nikawaona wataalamu wale wale wamekaa kwenye banda la nyama choma, na mguu mzima wa mbuzi uko mbele yao. Bi Eva alinikaribisha kwa moyo mweupe. Nilikataa kwa sababu ya fulana. Uamuzi huo unaniuma hadi leo.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu Ijumaa Kuu. Siku hiyo nilifunga tangu asubuhi, nikapanda Njia ya Msalaba vituo vyote kumi na vinne, na goti langu mwenyewe si zima. Saa tisa nilirudi nyumbani kula mlo wangu mmoja unaoruhusiwa. Zita alikuwa kanisani na akina mama wanaofanya usafi. Nikafungua kabati, nikatoa kopo, nikalisoma kwa macho yangu mwenyewe. Miwani alikuwa nayo Zita, maana tunatumia moja, lakini macho haya yamenitosha tangu kuzaliwa na picha niliiona vizuri: kipande cha rangi ileile kimelala juu ya jani. Nikakikaanga na kitunguu. Ndipo Katekista Wolfgang akaingia akifuata harufu, na siku ya tatu yake jumuiya nzima ilikuwa inajua kwamba mwenyekiti wao amekula nyama Ijumaa Kuu. Baba, nilikula maharage. Maharage hayajawahi kukatazwa na Kanisa tangu lijengwe. Kama yamekatazwa, basi Endasak nzima ni ya kutubu, kuanzia shule ya msingi.

2. Kuhusu ushahidi wenyewe kuliwa. Katekista Wolfgang alisema hawezi kupeleka shauri kwa wazee bila kuthibitisha. Akathibitisha kipande cha kwanza. Akasema hana hakika, akathibitisha cha pili. Cha tatu alikithibitisha amesimama mlangoni, na ugali wangu mkononi. Kisha akaenda mbele ya halmashauri ya jumuiya akatamka kwamba ulimi wake amezaliwa nao na hautambui kitu kingine pale isipokuwa nyama ya ng'ombe. Naomba unisaidie, Baba, wewe uliyesomea mambo haya. Kati ya mtu aliyekula maharage akiamini ni maharage, na mtu aliyekula vipande vitatu akiamini ni nyama, Ijumaa Kuu saa tisa alasiri, saa ile ile, ni nani alipaswa kuvuliwa cheo? Mimi nimevuliwa. Yeye anaendelea kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza.

3. Kuhusu wakwe zangu. Jumamosi baada ya Pasaka, Mzee Yoakimu Sulle wa Nambis alikuja na ndugu zake saba kupanga siku ya harusi ya mwanawe Basili na Lucia wetu. Kila mtu huku anajua kwamba mkwe wa namna hiyo huchinjiwa, na kidari huwekwa mbele yake. Mimi sina mnyama wa kuchinja isipokuwa dume langu la jembe, Kapteni, ambaye amenilimia misimu sita bila kunijibu vibaya hata siku moja. Nikakumbuka semina. Nikakumbuka anga. Kapteni anabeua, nakiri, na nilikuwa tayari kumchinja kwa ajili ya anga, lakini wataalamu walisema kwamba tukipata mbadala hakuna haja. Zita aliniambia mkwe halishwi kopo. Nikamjibu kwamba semina hakuhudhuria yeye.

Tukayakaanga makopo yote yaliyobaki. Kwa heshima ya mzee nilipanga vipande vinne, kimoja juu ya kingine, nikavichonga pembeni kwa kisu hadi vikafanana na kidari. Mzee Sulle alikitazama kidari kile kwa muda. Kisha akaniuliza kwa upole sana, "Bwana Hhando, huyu mnyama alikuwa na miguu mingapi?" Kabla sijapata jibu la kiungwana, Kapteni akalia nyuma ya nyumba. Wageni wote waligeuka wakasikiliza. Walimaliza chakula, wakanawa, wakasali, wakaondoka na pikipiki zao bila kuuliza ngozi imeanikwa wapi, na mtu asipouliza ngozi ujue ameshajibu mwenyewe.

4. Kuhusu neno. Mzee Sulle anasema nilimdanganya kwa kuita mboga nyama. Hapa nimeumia kama mtu aliyesoma hadi darasa la saba la zamani. Baba, katika nyumba zote za Mbulu na Hanang mtu akirudi shambani huuliza leo mboga nini, na siku ya bahati hujibiwa mboga ni nyama. Nyama imeitwa mboga miaka yote, kwa Kiswahili safi, na hakuna aliyesimama kanisani. Kama nyama inaruhusiwa kuwa mboga, mboga inazuiwaje kuwa nyama? Isitoshe, kopo lilibandikwa karatasi ya Kiswahili, NYAMA MBADALA. Neno la kwanza pale ni nyama. Mimi nilisoma neno la kwanza, maana ndilo lililoandikwa kwa herufi kubwa zaidi.

Najua Katekista Wolfgang atasema kwamba katika namba moja nimeiita maharage, na katika namba nne naiita nyama. Hajaelewa. Yeye mwenyewe siku ya Jumapili ni katekista na siku ya mnada ni dalali wa mbuzi, na maneno anayoyasema mnadani hatumdai mimbarini. Kitu kinaweza kuwa maharage siku ya Ijumaa na kuwa nyama Jumamosi ya wiki inayofuata. Kinategemea nani anakula na kwa nia gani.

5. Kuhusu kizuizi. Jumapili iliyopita uliposoma tangazo la pili, ukasema kama ilivyo desturi kwamba mwenye kujua kizuizi chochote cha ndoa hii aseme, Mzee Sulle alisimama. Alikuwa ametoka Nambis alfajiri kwa ajili hiyo. Alifungua karatasi, na ndani ya karatasi mlikuwa na ganda la haragwe alilolitoa kwenye jino lake siku ile ya wageni, akalitunza wiki nzima. Ukalitazama, Baba. Nilikuona ukilitazama. Kisha ukasema tangazo la tatu lingoje mpaka wazee wakae.

Ninavyofahamu mimi, vizuizi vya ndoa ni udugu wa karibu, ndoa nyingine, nadhiri, na mambo ya namna hiyo. Ganda la haragwe limeongezwa lini? Basili anampenda Lucia. Lucia ameshashona gauni kwa fundi wa Katesh, na kila jioni analitoa kwenye mfuko, analitazama, analirudisha. Afadhali angenigombeza. Mimi ni baba yake, nimemwona akilia mara nyingi tangu utoto, lakini hii ya kutolia ndiyo siiwezi.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Nirudishiwe uenyekiti wa jumuiya, ambao nimeushika miaka tisa bila doa. Jumapili ijayo, kabla ya tangazo la tatu, utamke mimbarini kwamba nilichokula Ijumaa Kuu kilikuwa maharage, na nilichowalisha wakwe zangu kilikuwa nyama. Na kama itakupendeza, uandike kwa Askofu ili nyama mbadala itambuliwe rasmi kuwa chakula cha Kwaresima kwa wafungaji na chakula cha sherehe kwa wakwe, kwani hakuna kitu kingine duniani kinachoweza kufanya kazi zote mbili. Nisipojibiwa nitalazimika kuivaa fulana yangu Misa ya kwanza na ya pili.

Nisalimie masista wote, kwaya zote mbili, mama anayewapikia hapo nyumba ya mapadri, na Bwana Halfani wa duka la Katesh ukipita kununua mishumaa. Mwambie simdai kitu na yeye hanidai kitu, ni salamu tu. Hata Katekista Wolfgang nisalimie, kwa kiasi.

Ni mimi mwanao katika Kristo, niliye baba yako kwa umri na niliyeonewa kwa vyote viwili,

Onesphory Hhando
Mwenyekiti wa Jumuiya (naendelea kujiita hivyo hadi utakaponijibu)

Nyongeza: Baba, barua hii usiisome mbele ya watu. Jana Zita alirudi nyumbani, akavaa miwani, akaisoma yote akiwa amesimama, kisha akaniuliza jani nililoliona kwenye kopo la Ijumaa Kuu lilikuwa la rangi gani. Nikamwambia jani ni jani. Akaenda shimo la taka na fimbo. Akarudi na makopo matupu kumi na mawili ya katoni ya semina, yote yana jani la kijani na karatasi ya NYAMA MBADALA, na yote ni ya siku ya wageni. Chini yao akapata la kumi na tatu, lenye jani jekundu na picha ya ng'ombe mdogo pembeni. Hilo ni nyama halisi ya ng'ombe. Alilinunua kwa Halfani kwa ajili ya Jumapili ya Pasaka, akalihifadhi kabatini, na Pasaka nzima alilitafuta. Nami nilimsaidia kulitafuta.

Kwa hiyo nilichokula Ijumaa Kuu ni nyama, na nilichowalisha wakwe zangu ni maharage. Ulimi wa Katekista Wolfgang naomba uheshimiwe. Nitakuja kuungama Ijumaa hii, naye aje. Atangulie yeye, maana alikula vipande vingi kuliko mimi.

Fulana nimempa Zita adekie. Kapteni nimemtoa kwenye nira jana, nikamwosha mwenyewe, na tangu hapo sijaweza kumtazama machoni. Nimetuma ujumbe Nambis kwamba Jumamosi wakwe waje tena, na Mzee Sulle awahi mapema ili amkute amesimama na kuhesabu miguu mwenyewe. Wewe nakuomba jambo moja tu, lile tangazo la tatu.

Asubuhi hii Lucia alinikuta zizini. Akaniamkia, kisha akasimama akasubiri marahaba.