Mayai ya Kikundi na Jua la Julai

Jumatatu, 30 Juni

Nyaya kubwa za stima zinatoka bwawa la Kiambere na kupita juu ya shamba letu zikivuma usiku kucha. Zinaenda Nairobi. Ndani kwetu, koroboi.

Nimeamua. Nyumba hii itajitegemea kwa jua. Kikundi cha akina mama kimempa mke wangu, Cicily, mashine ya kuangua vifaranga, kwa ahadi kwamba stima ipo. Ahadi niliitoa mimi. Kanisani, nimesimama. Mayai yanakuja wiki ijayo. Yakiharibika, atakayeulizwa ni yeye.

Jumatano, 2 Julai

Younis, mwenye duka la sola mjini Meru, alisema kwa simu niandike kila kitu kitakachotumia stima, na kwa saa ngapi. Nimeandika: taa, simu, televisheni. Mashine, mchana. Cicily akauliza, na usiku je? Nikamweleza kwamba usiku kila kitu hulala. Akasema kuku huatamia hata usiku. Nikamwomba tusichanganye kuku na uhandisi.

Jumamosi, 5 Julai

Paneli zimefika. Fundi alitaka kuzilaza juu ya paa, ziangalie mbinguni. Huko juu nani ataziona? Nimemwamuru azisimamishe zielekee barabara ya kanisa.

Jirani yetu Rwamba, mwenye duka na sola yake ya miaka mingi, alipita, akasimama, akauliza kama hizo ni paneli ama ni bango la kugombea udiwani. Wivu!

Jumatano, 9 Julai

Mayai yameingia. Winrose, mwenyekiti wa kikundi, aliyapanga mwenyewe. Akamkumbusha Cicily kwamba hiyo ni karo ya watoto, si kiamshakinywa.

Mawingu tangu asubuhi. Na baridi. Nilipima jua mwezi wa Februari. Lilitosha. Lilitosha hata kukausha ndengu zetu zote.

Alhamisi, 10 Julai

Mawingu. Taa ya betri imegeuka nyekundu. Nimeibandika plasta ili Cicily asisumbuke.

Jumapili, 13 Julai

Kwa ufupi. Jana kulikuwa na mpira. Niliwaalika wanaume wote ambao hutazama mpira kwa Rwamba. Walikuja na muguka wao wa kutafuna. Kwa mara ya kwanza duka la Rwamba lilikuwa tupu. Raha iliyoje!

Kabla ya mapumziko, giza. Wanaume wakavuka barabara, wakarudi kwa Rwamba. Mmoja wao, Njuki, alinipa pole, kisha akabeba kiti changu akakikalie huko. Nikaenda kulala.

Hakuna aliyeikumbuka mashine. Asubuhi Cicily aliweka mkono juu ya mayai, akauacha hapo muda mrefu. Baridi kama mawe ya mtoni.

Aliyafunga mayai kwa leso na blanketi, akayapeleka kwa Rwamba. Nilimfuata nimebeba mashine, na watu walikuwa wanatoka kanisani. Rwamba aliniita injinia. Kisha akaniambia nipanguse miguu kabla ya kuingia.

Jumatatu, 21 Julai

Cicily anashinda kwa Rwamba akichunga mayai. Anarudi kupika tu. Nimemwambia huenda mengi yamepona. Akasema, Baba Gatwiri, nyamaza kidogo. Mawingu.

Alhamisi, 31 Julai

Vifaranga wametoka. Wamejaa kofia moja, na kofia haikufurika.

Winrose aliongea polepole mbele ya kikundi chote. Mama Gatwiri, hatugombani, sisi ni dada zako, lakini mashine itabaki hapa kwa Rwamba. Na mayai yaliyokufa utayarudisha, kidogo kidogo, kutoka kwa kuku wako. Cicily akasema sawa.

Sasa anaongea nami kupitia binti yetu, Gatwiri. Mwambie baba yako chai iko. Na tuko watatu mezani.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimekaa chini nikachunguza chanzo cha hasara. Ni mayai. Mayai ni kitu dhaifu. Mpango wenyewe hauna kasoro.

Wavuvi wa bwawani wanauza samaki kwa hasara kila jioni kwa sababu hawana pa kuwahifadhi. Hakuna friza hata moja upande huu. Ilikuwa hakuna! Leo asubuhi nimepata moja kutoka kwa mwenye hoteli aliyefunga biashara. Kuukuu, lakini kubwa kama jeneza. Hakutaka pesa. Alikubali kuku wa Cicily. Wote.

Gatwiri ametumwa aniulize kwa nini banda limenyamaza. Nimemwambia amwambie mama yake aje kwanza aone friza, ukiifungua inawaka taa ndani.

Mawingu bado yametanda. Afadhali. Friza inapenda baridi.