Semina ya Kwaya Iliyofumuka Sebuleni

Leo nimeaibika mbele ya wakwe, jamani, na sina hata wa kumsingizia.

Mnanijua. Nikipanga jambo, limepangika. Leo saa tisa alasiri ukoo wa mchumba wangu Baraka ulikuwa unakuja kwetu Mbalizi kuleta posa. Mimi nikasema kabla sijaitwa mke wa mtu, lazima nitoke na mashoga zangu wawili, Sekela na Neema. Jana alfajiri Iringa, tunalala, leo mchana tumerudi. Rahisi! Ila baba angekataa (binti anaposwa kesho, safari ya wapi?), basi nikamwambia nakwenda Tukuyu, semina ya kwaya.

Lakini baba si kitu. Wa kuogopwa ni mama yake Baraka. Kiongozi wa akina mama kanisani, hacheki ovyo, na alishamwambia mwanawe: "Nataka mkwe aliyetulia."

Nimetulia sana mimi. (Subirini.)

Iringa ilikuwa tamu! Neema kaendesha, tumepanda jiwe la Gangilonga, tumepiga picha mpaka simu zikazima, tumelala saa chache. Leo asubuhi tukiwa tunarudi, tukasimama Ifunda. Mama mmoja alikuwa anauza ulanzi, ile pombe ya mianzi, imegemwa asubuhi hiyo hiyo. Nikachukua chupa kubwa ya kumpelekea babu.

"Kifuniko usikaze, mwanangu," akaniambia. "Huo unapumua."

"Ndiyo, mama."

Gari lilipoondoka tu, nikakaza kwa mikono miwili. Uje umwagikie nguo zangu? Thubutu!

"Tusa, si umeambiwa usikaze?" Sekela akauliza.

"Sekela, chupa nazifunga tangu niko chekechea." (Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.)

Makambako baridi, chupa kimya. Tukashuka Chimala, joto linachoma. Tukala wali taratibu kama watu wasio na posa, begi limebaki garini juani. Uyole malori yamejipanga, hatusogei. Nafika nyumbani saa tisa na nusu, wageni wameshakaa. Nikataka kuzungukia mlango wa uani nikabadili nguo. Baba akaniona dirishani.

"Tusa! Pita hapa hapa, wageni wanakungoja."

Nikaingia na begi langu. Nikapiga magoti, nikasalimia mmoja mmoja kwa adabu zote. Nafasi ilikuwa moja tu, kwenye kochi, ubavuni kwa mama mkwe. Begi nikaliweka chini katikati yetu, shingo ya chupa imechungulia kwenye zipu, nikaifunika na mtandio.

"Semina imekwendaje?" akaniuliza.

"Vizuri sana, mama. Tumefundishwa uvumilivu."

Begi likasema: tssssss.

"Nini hicho?"

"Simu, mama."

"Simu inatoa pumzi?"

PAA! Kifuniko kikapiga dari. Ulanzi ukaruka, ukamwosha mama mkwe kuanzia kilemba mpaka kitenge. Mshenga, mzee mzima aliyekuja na fimbo yake, akaingia chini ya meza. Mama yangu akapiga yowe, "Yesu wangu!" Baraka akawa anasoma kalenda ukutani. Nyumba nzima inanuka kama kilabu cha pombe.

Baba akaniangalia. "Tusajigwe. Hii ndiyo semina?"

Nikaona ndoa yangu inachuruzika ukutani. Moyo uliniuma, siwadanganyi. Nikasema yote. "Baba, nisamehe, nilidanganya. Nilikuwa Iringa na wenzangu."

Ulanzi unamdondoka mama mkwe kidevuni. Akalamba mdomo. Akalamba tena.

"Umenunua wapi?"

"Ifunda, mama."

"Mimi nimezaliwa Ifunda." Akainama, akaokota kifuniko, akakigeuzageuza. "Na aliyekuuzia hakukwambia usikaze?"

"Aliniambia."

"Ukakaza."

"Nikakaza, mama."

Akamgeukia mshenga. "Baba, toka huko chini tuendelee. Mimi nilikuwa namwogopa mkwe wa kuficha mambo. Huyu uongo wake haumalizi hata dakika kumi, unalipuka wenyewe. Tutamwelewa vizuri tu."

Watu wakaangua kicheko, hata baba. Mama mkwe peke yake hakucheka. Akanyoosha kidole. "Ila vinywaji vya harusi asiviguse."

Kwa hiyo nipongezeni, nimeposwa. Mama mkwe ameondoka na kitenge cha mama yangu, babu ameonjeshwa matone yaliyobaki, na Sekela kila dakika ananitumia ujumbe wa neno moja: "Kaza!"

Nanyi mnaocheka chekeni upesi upesi mmalize, mimi bado nafua kilemba cha watu.