Taa Saba Bila Kusimama

Jumatatu, 3 Machi
Mhandisi mkuu amethubutu kuniambia kwamba mpangilio wangu wa taa unapendeza kwenye karatasi tu. Mimi, mwenye shahada! Taa saba, kutoka mtaani kwetu hadi hospitali. Kila moja itawaka kijani gari linapoifikia, mradi dereva ashike mwendo wa arobaini. Anataka safari moja halisi bila kusimama kufikia Ijumaa. La sivyo, utatumika mpango wa mpinzani wangu, ninayemwita Bwana Tai Nyekundu kwa ile tai yake ya shingoni.

Jumanne, 4 Machi
Majaribio sita. Nimesimama mara tatu, mbili, nne, mbili, tatu. Jaribio la sita, mkokoteni wa magodoro ukaziba njia! Baba aliongoza magari kwa filimbi miaka thelathini kwenye makutano ya nne, kabla ya taa. Jioni aliniuliza taa zangu zinamwonaje kikongwe anayevuka. Nikampa hoja tano. Akasema, mwanangu, mimi nimeuliza moja tu. Kisha akakohoa mpaka Mama akaja mbio na maji.

Jumatano, 5 Machi
Daktari ameagiza Baba alazwe kesho. Mama haachi kulia. Nimemtuliza: nitampeleka mwenyewe. Fursa iliyoje!

Alhamisi, 6 Machi
Ushindi! Taa saba, kusimama sifuri. Dakika tisa na sekunde kumi na mbili. Mama alishika saa ya kupimia kwa mkono mmoja, Baba kwa mwingine. Tulipokaribia makutano ya nne, Baba aliomba nisimame kidogo apatazame mahali pake. Nikamfafanulia kwamba taa ni ya kijani. Tutasimama wakati wa kurudi. Akageuza shingo, akapatazama kupitia kioo cha nyuma mpaka pakapotea.
"Umeniwahisha, mwanangu," akasema.
Nimeyanukuu maneno hayo katika ripoti, chini ya Maoni ya Abiria.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango wangu umepita! Tai Nyekundu alinipa mkono kama anayeshika samaki. Mama alipiga simu mara nne. Nilikuwa kwenye jedwali la mwisho.
Baba hayupo tena.

Jumapili, 9 Machi
Tumemzika. Msafara ulipofika makutano ya nne, taa ilikuwa kijani. Askari aliowafundisha Baba wakasimamisha magari pande zote, wakapiga filimbi moja ndefu, wakapiga saluti. Dakika mbili na sekunde arobaini. Mama alitafuta mkono wangu, akakuta saa. Nililia mpaka tarakimu zikafifia.
Jioni nimeifuta safari hiyo kwenye jedwali. Ingeharibu wastani.