Ngazi Tano na Kidole Gumba

Jumatatu, 3 Machi
Jumamosi binti yangu anahitimu uuguzi. Wa kwanza darasa zima. Jirani wote nimewaambia, muuza mkaa nimemwambia mara mbili. Mzazi wa aliyeongoza hupanda jukwaani kumvisha kofia. Ngazi tano. Ndiye mimi huyo.
Ila kidole gumba cha mguu kimevimba, hata shuka likikigusa naona nyota. Daktari wa ule ugonjwa wangu wa ngozi kukakamaa kasema ni jongo. Asidi ya yuriki imejaa kwenye damu, na figo zangu, ambazo ugonjwa ulishazigusa, zinashindwa kuitoa. Kanipa vidonge. Nyama nipunguze, maji ninywe kwa wingi, Alhamisi nipimwe tena.
Wifi kasikia. Kasema nisijali, yeye miguu yake mizima, atapanda.

Jumanne, 4 Machi
Nimewaza. Asidi inaingia kwa chakula. Asiyekula haingizi kitu. Basi nafunga mpaka kipimo, maji nayo naacha. Vidonge havimezeki bila maji, vipumzike kwenye kopo. Binti kapiga simu, kauliza kama nakunywa maji. Nimemwambia tumbo linacheza kama mtungi.

Alhamisi, 6 Machi
Muuguzi katafuta mshipa kwenye mkono wangu mgumu, kaupata mara ya nne. Nimemwambia binti yangu angeupata mara ya kwanza.
Asidi imepanda. Daktari kauliza nimekula nini. Nikasema, kwa fahari, sijala. Kasema kufunga ndiko kumeipandisha, na kwa figo hizi kukaa bila maji ni kucheza na moto. Kasema kwa upole. Heri angenigombeza.

Jumamosi, 8 Machi
Mguu mmoja kiatu, mmoja soksi. Ngazi ya kwanza nikapanda. Ya pili mguu ukagoma. Wifi alikuwa nyuma yangu, poda tele usoni. Akaninong'oneza, "Nipishe, wifi yangu, usituaibishe."
Nikampisha, nikakaa. Akapanda kama bibi harusi. Binti akamwamkia shangazi yake kwa adabu, akachukua kofia mkononi mwake, akashuka nayo mpaka kwangu. Akapiga magoti. Vidole vyangu havikunjiki, pini ikanishinda, akaishika pamoja nami. Ukumbi mzima ukasimama. Wifi bado yuko juu, hajui mikono aiweke wapi.

Jumapili, 9 Machi
Binti kanimezesha vidonge, kanijazia jagi la maji, kaniapisha nisifunge tena. Nimeapa. Kaondoka.
Kipimo kingine tarehe ishirini. Nimekaa nikalichambua kosa langu, nikaliona. Siku mbili zilikuwa chache. Safari hii tatu.