Miwani ya Bibi wa Watu

Kwa Kaka yangu,
Mwalimu Mkuu Mstaafu, Mwenyekiti wa Kikao cha Familia na Baba wa Binti.

KUHUSU: PINGAMIZI LANGU DHIDI YA POSA, KWA SABABU YA MIWANI

Shikamoo kaka. Natumaini goti limepungua uvimbe na kwamba wifi bado anakukataza ngazi. Mimi ni mzima, ila nina hasira. Usishangae ukubwa wa herufi zangu. Nimeandika hivi kwa ajili ya macho yako, si yangu.

Umenitaka nikuandikie kabla ya kikao cha Jumamosi, niseme ndiyo au hapana juu ya yule kijana mchora ramani za nyumba anayetaka kumwoa binti yako. Ulisema mbele ya wajomba wote kwamba mimi ndiye niliyemlea tangu mke wako wa kwanza, mama yake, alipofariki, mtoto akiwa na miaka minne, na kwamba mimi nikikataa, posa itarudishwa siku hiyo hiyo. Nakushukuru kwa heshima hiyo. Jibu langu ni hapana. Sababu ni hizi hapa chini, na nimezipa namba kwa kuwa nakujua: kitu kisicho na namba wewe hukisomi.

1. Kijana anavaa miwani ya bibi.

Simaanishi miwani inayofanana na ya bibi. Namaanisha ya bibi. Fremu nene, rangi ya gamba la kobe, pembe mbili zimenyanyuka juu kama nyusi za mtu aliyetajiwa bei. Nimefanya kazi kliniki ya macho miaka ishirini na minane, na miwani ya namna ile nimewavua vikongwe wasio na idadi. Nilipomuuliza aliitoa wapi, alijibu kwa fahari kwamba ni kazi ya mbunifu mkubwa wa ng'ambo, ina miaka sitini, na siku hizi hazitengenezwi tena. Kaka, hata ndui siku hizi haipo tena, na sijaona mtu anaiulizia dukani.

2. Miwani hiyo bado ina lenzi za mwenyewe wa kwanza.

Hapa soma polepole. Mtu mwenye akili zake akinunua fremu kuukuu hutoa lenzi za zamani akaweka zinazomfaa, au kama macho yake ni mazima, akaweka kioo cha kawaida akaendelea na maringo yake. Huyu hakutoa. Ati mbunifu aliichonga saini yake kwenye kona ya lenzi ya kushoto, na lenzi ikitoka, miwani imekufa. Hiyo saini mimi sikuiona, imeandikwa kibahili mno. Binti yako ndiye aliyeniwekea kidole ilipo. Kwa hiyo kijana wa miaka thelathini, mwenye macho mazima, anatembea mjini akiitazama dunia kupitia macho ya bibi wa watu ambaye hatumjui, na ambaye kwa hesabu ya miaka keshazikwa.

3. Nimeipima.

Niliomba niitazame, kisha nikasahau kuirudisha, na kusahau huko kulikuwa kwa makusudi. Niliisimamisha lenzi kati ya dirisha na ukuta, nikaisogeza mpaka picha ya dirisha ikatulia ukutani, halafu nikanyoosha utepe wa kupimia nguo. Binti yako akanisomea namba bila kujua anasaidia upande gani. Sentimita arobaini. Hiyo kitaalamu ni nguvu ya mbili na nusu, lenzi ya kusomea ya mtu aliyevuka sitini. Kijana akiivaa, anaona vizuri sahani yake. Ng'ambo ya sahani ni ukungu mtupu.

4. Siku ya kujitambulisha alipeleka posa kwa mtu mwingine.

Mke wa fundi bomba wa mlango wa pili alikuwa amekuja kuazima pasi, akakaa kwenye kiti changu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko na sinia ya chai. Kijana aliingia, akanipita, akanikabidhi koti lake nilishike, akaenda kupiga goti mbele ya mke wa fundi bomba. Akamwambia: "Shikamoo shangazi. Nimesikia habari zako siku nyingi, nashukuru kwa ulivyomlea." Yule mwanamke, badala ya kusema "mwenye nyumba yule pale ameshika koti lako", akaitikia marahaba, akamuuliza ukoo wake, akamuuliza kama anakoroma, akaridhika, akampa na baraka. Binti yako alikuwa amekwenda kuchukua vikombe. Aliporudi, nusu ya shughuli imeshakwisha. Kaka, hadi leo posa hii imekubaliwa na mtu mmoja tu katika nyumba yangu, naye alifuata pasi.

Na pasi hajairudisha.

5. Ama hajamwona binti yetu, ama amemwona zaidi ya inavyofaa.

Nilimuuliza uso kwa uso: wewe umempendea nini? Akasema uzuri wake. Sasa wewe ulifundisha hesabu, tusaidiane. Lenzi ile inaonyesha hadi sentimita arobaini. Kama kijana alibaki mbali kwa adabu, basi hajapata kumwona, na uzuri anaousifia ni wa kuhadithiwa. Kama amemwona kweli, basi alikuwa karibu kuliko sahani. Chagua mwenyewe, mimi yote mawili yananichukiza. Alipogundua ninakoelekea akageuza maneno, akasema kwanza alipenda mwandiko wake, kwa sababu binti yako ni mpima viwanja na vipimo vyake hupelekwa ofisini kwao, juu ya meza, vikasomwa kwa karibu. Sawa. Basi amwoe karatasi.

6. Nimekwenda kwenye duka alikoinunua.

Usinicheke, nilikwenda kwa uchunguzi. Ni chumba kimoja, kina taa za manjano, na miwani imelazwa kwenye kabati za kioo, kila moja na mto wake mdogo wa kitambaa. Nilitafuta ubao wa herufi za kupimia macho. Hakuna. Vioo vya kujitazamia nilihesabu saba. Kliniki tulikuwa tunamuuliza mtu anaona nini. Pale wanamuuliza anajionaje. Muuzaji, kijana mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, alinishikisha fremu moja nisikie uzito wake, akanionyesha bawaba zilivyopigwa misumari mitano, akasema kila moja ina historia. Nikamuuliza, historia ya nani? Akatabasamu, akaipangusa tena.

Mimi historia ya zile fremu naijua. Kliniki tulikuwa nazo katoni nzima chini ya sinki, za watu waliotangulia, zimeletwa na watoto wao kwa msaada. Tukimpa mgonjwa asiye na uwezo, alikuwa anaipokea ameinamisha kichwa, na wengine walilia. Alilia mama mmoja mchuuzi wa mboga, nikamwambia vaa, mwanangu, utaona. Akavaa, akaona, lakini njiani alikuwa akiivua kila akikutana na anayemfahamu. Leo katoni ile ile ingewekewa taa na mito, na watu wangeipigania. Wazee walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hawa wamegeuza: kikuukuu kinyemi, hata kikikupofua.

7. Ugonjwa unaambukiza.

Ofisini kwao wachoraji wanne sasa wanavaa namna hiyo, na hao ndio wanaopanga mlango ukae wapi na ngazi ianzie wapi. Binti yako, ambaye akisimama kiwanjani anaona kigingi kilichoko upande wa pili wa shamba, wiki iliyopita alisimama mbele ya kioo na ile ya mchumba wake puani, akaniuliza inamkaaje. Nikamwambia inamkaa kama bili ya mtu mwingine. Baada ya miaka mitano mji mzima utakuwa umechorwa na watu wasiouona, na wajukuu zako watamwamkia mke wa fundi bomba wakidhani ni mimi.

8. Aliyeleta posa si kijana.

Hili ndilo kubwa, nalo nimelifikiri siku mbili. Macho aliyomtazamia binti yetu si yake, ni ya yule bibi. Mwenye kupenda, chongo huita kengeza. Lakini hapa hata hatujui anayependa ni nani. Kama kuona ndiko kulikozaa kupenda, na kuona kulikuwa kwa bibi, basi mposaji halali ni bibi. Na bibi hajaleta barua, hajaleta mshenga, na ndugu zake hatujawaona. Kikao cha familia hakiwezi kujadili posa ya marehemu asiyejulikana. Naomba hili liingizwe kwenye kumbukumbu kwa maneno haya haya.

9. Naogopa.

Hili sikutaka kuliandika, ila nimeshaweka namba. Nyumba hii ina vyumba vitatu. Mume wangu alishatangulia, na kazi nilishastaafu. Jioni huwa namsikia binti akifungua geti, akigonga viatu vyake vya kiwanjani kutoa udongo, akiita "Shangazi, nimerudi", nami najifanya sijasikia ili aite tena. Miaka ishirini na miwili ya kuitwa mara mbili. Sasa aje mtu asiyeweza kututofautisha mimi na jirani, amchukue? Akija mtu wa kumchukua, kaka, angalau awe anaona anachochukua.

Kwa hayo yote naomba kikao kiamue yafuatayo: posa irudishwe, kijana akapimwe macho na alete cheti, na mke wa fundi bomba aandikiwe barua ya kuachia madaraka ya ushangazi aliyojitwalia. Naambatanisha ile miwani ndani ya bahasha, imefungwa kwenye pamba, iwe kielelezo. Naomba ipitishwe mkono kwa mkono, kila mjomba aivae na ajaribu kumtambua mwenzake.

Nimalizie kwa salamu. Msalimie wifi, na umwambie ile dawa ya goti ni ya kupaka, si ya kunywa. Wasalimie wajomba wote, hata yule anayelala vikaoni. Wasalimie majirani zako, ambao nasikia hukaa kwenye viti vyao wenyewe.

Ni mimi dada yako mdogo, Shangazi wa Binti,
Muuguzi Mstaafu wa Kliniki ya Macho.

NYONGEZA: Kaka, usihangaike kutafuta kielelezo kwenye bahasha, hakimo.

Leo asubuhi niliivaa, kwa dakika moja tu, ili niikague mara ya mwisho kabla ya kuifunga. Barua hii ilikuwa mezani. Nikaisoma yote, kuanzia shikamoo, nimeishika karibu kama watu wanavyoshika barua, mkono haukunyooka hata mara moja. Unakumbuka ulivyokuwa ukinisihi nikapimwe, nami nakujibu kwamba muuguzi wa macho hapimwi? Basi yule bibi, Mungu amrehemu popote alipo, macho yake na yangu ni yale yale. Na zile pembe zilizonyanyuka, nimejitazama kwenye kioo, zinanikaa. Sitaki kusikia mtu anacheka.

Nilikuwa bado nimeivaa binti yako alipokuja kunitungia uzi kwenye sindano, kama anavyofanya kila wiki. Akainama mbele yangu. Kaka, watu wengine wote mimi nawaona, kwa kuwa nawaona kwa mbali. Huyu peke yake ndiye anayenisogelea, na kumbe ndiye nisiyemwona. Ana vimistari viwili pembeni mwa mdomo, vya kucheka, sijui vilianza lini. Ana unywele mmoja mweupe juu ya sikio. Mimi kichwani mwangu nilikuwa bado namfunga vifungo vya sare. Nikamuuliza, "Hivi huyu kijana unampenda?" Akanitazama, akashangaa. Akasema, "Shangazi, jamani. Nilidhani umeshaona."

Kwa hiyo futa namba moja mpaka nane. Ya tisa iache, ila usiisome kikaoni. Andika kwamba shangazi amesema ndiyo, na kwamba amesema mwenyewe, si jirani.

Posa isirudishwe. Miwani nayo hairudi. Mwambie kijana nimeipokea, na siku ya kumchukua mkewe aje kwa macho yake mwenyewe.