Puto Juu ya Dampo

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekabidhiwa kazi ya maana. Dampo la mji limejaa, na wakubwa wanataka kulipanua na kuliinua. Lundo la sasa lina kimo cha mita kumi na mbili. Litafika thelathini na moja. Kabla ya ruhusa kutolewa, lazima mtu azunguke mashambani na vilimani aandike nani ataliona, ataliona kwa kiasi gani, na mandhari yake itaharibika vipi. Mtu huyo ni mimi. Ofisi nzima ilinigeukia. Nilijitahidi kuonekana mnyenyekevu.

Nimepewa mwenzangu wa kusaidiana naye: Rula. Tunamwita hivyo kwa sababu rula haimtoki mfukoni mwa shati, na hupima hata pambizo za barua. Mimi na yeye tunakimezea mate cheo kimoja, mkuu msaidizi wa idara, kilicho wazi tangu Januari. Ripoti ikiwa nzuri, kiti ni changu.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Akataka kujua vituo vya kutazamia viko wapi. Nikatandaza ramani mezani. Viko saba. Cha nne kiko juu ya kilima ng'ambo ya bonde, mlangoni kabisa kwa mama yake. Akauliza kama mama yake atamalizia uzee akitazama taka. Nikapiga kifua. Nikasema mama hataona hata ganda la ndizi. Sijafika huko kupima chochote, lakini neno limeshatoka.

Jumanne, 5 Machi

Nimefika. Ingekuwa heri nisingefika.

Kibaraza cha mama mkwe kinatazama dampo kama kiti cha mbele kinavyotazama jukwaa. Malori yanaonekana. Ndege wanaopigania mifuko wanaonekana. Nilimwona mpaka msimamizi wa dampo, mama mmoja mwenye mabuti ya mpira, akimfokea dereva kwa mikono. Na hilo ni lundo dogo la sasa.

Mama mkwe alitupatia chai, akauliza tunatazama nini. Nikasema hali ya hewa. Rula akasema dampo. Kisha akaandika kwenye fomu, kwa mwandiko wake wa mraba: kituo cha nne, athari kubwa sana.

Niliposoma fomu kwa makini nikaona haisemi kituo kiwe kibarazani. Inasema "karibu na makazi". Neno karibu ni pana. Nikamtuma Rula kituo cha tano, nikahesabu hatua thelathini kutoka kibarazani, nikajikuta nyuma ya tangi la maji. Hapo nikapiga picha. Nikaandika: athari hakuna.

Kazi si ngumu ukiwa na akili.

Jumatano, 6 Machi

Mkuu wa idara ametazama picha ya kituo cha nne kwa muda mrefu. Akaigeuza juu chini. Akaniuliza kwa upole kama tangi ndilo mkazi, na kama nimelihoji. Rula akapatwa na kikohozi, akatoka nje kukohoa. Nilimsikia akikohoa mpaka jikoni kwa watu wa chai.

Mkuu ameamua tutumie puto. Puto jekundu, kubwa kama meza ya mkutano, lifungwe kwa kamba juu ya lundo na lielee pale kilele kipya kitakapofika. Lundo lina mita kumi na mbili, kilele kitakuwa thelathini na moja, kwa hiyo kamba ni mita kumi na tisa. Jumanne ijayo kamati yote itapita vituo saba ijionee kwa macho yake.

Rula kapewa kamera. Mimi nimepewa puto. Mwanzoni niliona nimeshushwa. Baadaye nikafikiri: mwenye kamera anapiga kilichopo. Mwenye kamba ndiye anayeamua kilichopo.

Alhamisi, 7 Machi

Jaribio la kwanza. Nilikata kamba ya mita kumi na moja.

Matokeo yalikuwa mazuri mno. Nilimpigia simu mama mkwe, nikamwomba atoke kibarazani. Akasema anaona kitu chekundu kidogo juu ya uzio, akauliza kama ni nguo ya mtu. Moyo ukatulia.

Msimamizi wa dampo akaja na mabuti yake. Akataka kujua kwa nini kamba ni fupi, maana na yeye aliletewa barua yenye vipimo. Nikamweleza kwamba kamba za namna hii hujikunja kwa baridi. Akatazama jua. Akanitazama mimi. Akafuta jasho la uso kwa kiganja, akaenda zake.

Saa sita Rula akatokea. Akaliteremsha puto, akailaza kamba chini, akapiga magoti kwenye vumbi, akaipima kwa rula. Rula ya sentimita thelathini, kamba ya mita kumi na moja. Ilimchukua muda. Mimi nilisimama pembeni kama mtu anayesubiri majibu ya damu. Akaandika: 11.04.

Ijumaa, 8 Machi

Kamba mpya ya mita kumi na tisa. Rula amekata, Rula amepima, Rula ameweka saini kwenye kipande cha karatasi na kukifunga kwenye fundo. Hapa hapaguswi tena.

Lakini hakuna aliyeweka saini kwenye rangi.

Nimemwandikia mkuu kwamba rangi nyekundu inawashtua ng'ombe wa mashamba ya jirani, na kwamba kitaalamu rangi ya bluu ya anga ndiyo tulivu zaidi. Alikuwa kwenye simu. Akasema rangi yoyote, mradi puto liwepo Jumanne. Nikamwekea karatasi asaini. Puto la rangi ya anga, ndani ya anga. Nani ataliona?

Jumamosi, 9 Machi

Mtu mwenye busara hategemei mbinu moja. Mama mkwe yuko kwa dada yake mpaka kesho. Nimempata shemeji yangu, nimempata mwenye pikapu, tumeleta kutoka bustani ya miche miti kumi na minne iliyokwisha kunizidi urefu. Tumeipanda safu moja mbele ya kibaraza, imebanana kama watu kwenye foleni. Shemeji aliuliza mara mbili kama mama anajua. Nikamwambia ni zawadi ya kushtukiza.

Tulipomaliza niliketi kwenye kiti cha mama mkwe. Majani matupu. Dampo limefutika. Mgongo unaniuma lakini roho nyeupe.

Jumapili, 10 Machi

Tulikwenda mimi na mke wangu kuona furaha yake.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, akitazama majani. Nikamwamkia. Akaitikia taratibu. Kisha akasema, "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Nikasema hakuna, mama.

"Basi mbona umenizibia?"

Ndipo nikaelezwa jambo ambalo katika miaka tisa ya ndoa sikuwahi kuuliza. Tangu mzee afariki, mama mkwe hukaa hapo kila asubuhi na kikombe chake na kutazama dampo. Madereva wote anawajua kwa jinsi wanavyorudi nyuma. Yupo anayemwita Mwoga, anayerudi kwa vipande vipande. Yupo Wa Haraka, asiyetazama kioo hata siku moja. Jirani yake huja saa tatu, wanabishana nani atakwama kwenye tope. Kuna siku Wa Haraka alimwaga mzigo nje ya lango, wakacheka mpaka jirani akalazimika kulala chini.

"Nyumba hii ina kimya kingi," alisema. "Pale angalau kuna watu wanaofanya kazi."

Akaongeza kwamba amesikia lundo litapanda. Yeye anaona ni vizuri. Sasa malori yakienda upande wa nyuma anayapoteza. Lundo likiwa refu yatapanda juu, atayaona yote.

Mke wangu alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemzibia mama yake macho kwa miaka tisa. Shemeji akaitwa. Tumeing'oa miti yote kumi na minne. Kuipanda kulikuwa kazi. Kuing'oa huku mama mkwe anakuletea maji ya kunywa na kukuambia pole ni adhabu.

Usiku sikupata usingizi haraka, nikafikiri. Kamati ikiona puto, itashtuka na kukataa lundo refu, na mama atakosa malori yake. Kamati isipoona puto, italikubali, na mama atafurahi. Kwa hiyo puto lazima lifichike vilevile. Sababu imegeuka, mbinu imebaki. Nadra mtu kuwa sahihi kwa sababu mbili zinazopingana.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepaka puto rangi. Matabaka mawili. Rangi iliongeza uzito, nikaongeza gesi. Tulipolipandisha saa saba mchana, anga safi, nilirudi nyuma hatua ishirini na sikuliona. Niliona kamba tu ikining'inia kutoka kusikojulikana. Msimamizi wa dampo naye alitazama juu, akatikisa kichwa. Nadhani ni kwa kunistahi.

Rula amelipiga picha kumi na moja. Hakuuliza chochote kuhusu ng'ombe. Hilo linanipa wasiwasi.

Jumanne, 12 Machi

Mawingu.

Toka alfajiri, anga yote ya kijivu kama mfuniko wa sufuria. Na katikati ya ukijivu huo, puto langu la bluu, matabaka mawili, linang'aa kama kitu kilichotoka dukani. Basi la kamati halijasimama hata kituo cha kwanza, mwenyekiti akalinyooshea kidole kupitia dirishani. Akasema amefurahi kwamba safari hii idara imechagua rangi inayoonekana. Mkuu akanigeukia na kunipa tabasamu. Nililipokea. Ningefanya nini?

Kituo cha nne. Kamati nzima kibarazani kwa mama mkwe, watu wanane, viti vimetolewa mpaka vya jikoni. Mwenyekiti akamwamkia, akamwuliza yeye binafsi anaonaje lundo jipya. Nilikuwa nimemwomba aseme analipenda tu, anyamaze. Alianza vizuri. Akasema yeye analipenda, anapenda kuona watu wakifanya kazi. Wajumbe wakatazamana. Nikaanza kupumua.

Kisha akasema, "Lakini msiniulize mimi peke yangu. Mimi nakaa juu, natazama nikitaka. Wa nyumba za chini kule hawana pengine pa kutazama. Yule mwalimu mstaafu ana dirisha moja tu chumbani, na hawezi kuinuka. Lundo likimwelekea, ndilo atakaloliona mpaka siku yake."

Nyumba za chini ni kituo cha sita. Nilizipita Jumanne iliyopita bila kugonga mlango wowote. Niliandika "makazi machache". Nilijisikia vibaya kweli, kwa dakika kama tatu.

Ndipo mjumbe mmoja akauliza kwa nini kilele kinasogea.

Tukageuka wote. Puto lilikuwa linaondoka. Lori moja lilikuwa limeteremsha sanduku lake la kumwagia taka, likanasa kamba, na sasa linashuka kwenda langoni na kilele kipya cha dampo nyuma yake, kimeinama kidogo kwa upepo. Likapita lango. Likashika barabara kuu.

"Wa Haraka huyo," akasema mama mkwe. "Hatazami kioo."

Mwenyekiti aliuliza kama kwenye mpango lundo nalo litahamia mjini. Rula alikuwa anapiga picha.

Jumatano, 13 Machi

Puto limepatikana juu ya waya, karibu na kituo cha mafuta. Halitumiki tena.

Kamati imeamua. Upande wa nyumba za chini lundo halitaongezwa hata mita moja. Nyongeza yote itakwenda upande wa pili, unaoelekea kilima cha kituo cha nne, mpaka mita thelathini na moja, kwa kuwa mkazi wa pale ametamka kwa kinywa chake kwamba anapenda. Imeandikwa hivyo kwenye kumbukumbu za kikao.

Mama mkwe amepiga simu kunishukuru. Anasema jirani yake keshaanza kuuliza kiti kipi kitakuwa chake. Mke wangu naye ana la kwake. Niliahidi mama hataona hata ganda la ndizi, na sasa nimemletea dampo zima mlangoni. Nikamwambia mama mwenyewe kataka. Akasema hilo analijua, na haliondoi kosa. Sijaelewa, ila nimeomba msamaha.

Rula ndiye mkuu msaidizi wa idara. Tangazo limebandikwa ubaoni. Limenyooka kabisa.

Alhamisi, 14 Machi

Bosi wangu mpya ameniita. Alikuwa muungwana, lazima niseme. Hakutaja kamba wala tangi. Akasema mandhari niachane nayo, nihamie kelele. Mashine ya kuponda kokoto itaongezwa karibu na makazi, na lazima mtu apime wakazi watasikia kiasi gani. Mashine ya majaribio itawashwa na kipimo kitawekwa Jumatatu ijayo, saa nne asubuhi, nje ya ukumbi wa mazoezi ya kwaya. Akasisitiza nisikiguse kifaa. Kina muhuri, na kinaandika kila sauti inayokifikia.

Sitakigusa. Sina haja.

Nimeshaongea na mwalimu wa kwaya. Wataimba wote, sauti zote nne, kwa nguvu zao zote, saa nne kamili, milango wazi. Ameniahidi na mpiga ngoma. Kelele za kwaya zikiwa kubwa hivyo, mashine ya kokoto itasikiwa na nani?