Nyuzi za Marehemu Prospère

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024

Leo nimekuwa mwalimu wa gitaa. Naandika polepole, kalamu isije ikakataa.

Nina miaka arobaini na sita. Nilipokuwa na saba, kule Manono, nilitengeneza gitaa kwa kopo la mafuta na waya za breki. Shule niliiacha darasa la tano, kwa sababu vidole vyangu vilipiga muziki juu ya dawati hata mwalimu alipokuwa akinichapa. Tangu hapo nangoja mtu mmoja aniambie: nifundishe. Nimengoja nikibeba mifuko. Mwaka wa tisa huu katika bandari ya Kalemie, na mgongo umeanza kukataa kazi kabla yangu.

Mtu huyo amepatikana. Ni Mama Henriette, muuza ndagala, dagaa wa ziwa, karibu na stesheni ya treni. Mume wake, Papa Prospère wa reli, alikufa mwaka jana. Jumamosi tarehe 15 familia inaondoa matanga. Siku hiyo Mama anataka kupiga mwenyewe, kwa gitaa la marehemu, wimbo aliotungiwa siku ya ndoa yao. Akishapiga, gitaa litachukuliwa na Jean-Luc, mdogo wa marehemu, pamoja na vitu vingine. Njo desturi, ndivyo ilivyo kwetu.

Habari zangu alizipata kwa Bertin, mbeba mifuko mwenzangu, tunayepanga naye chumba kimoja. Bertin anasema alinitaja ili nipige kelele zangu nyumba nyingine. Wivu.

Nilitoka kushusha saruji, nikanawa, nikaenda. Mama akaingia jikoni kuchemsha chai. Nikashika gitaa. Gitaa la kweli, la mbao! Lakini nyuzi! Uzi mnene ulining'inia kama kamba ya kuanikia nguo, na wa pili yake vilevile. Mwaka mzima kwenye kona, ningetegemea nini? Nikazikaza zote sawasawa kabla chai haijafika. Mwalimu wa kweli hujulikana hapo.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Hesabu yangu ni hii. Siku ya matanga mtaa wote utakuwepo. Mama atapiga. Watu watauliza nani alimfundisha. Nitainama kidogo, kwa unyenyekevu. Baada ya wiki moja nina wanafunzi ishirini, na saruji nawaachia wenye migongo. Nimemwandikia mke wangu Evodie, aliyebaki Manono, kwamba wanafunzi ishirini ninao tayari. Ni suala la siku tu.

Jioni nikaenda kwa somo. Mama alikuwa amekaa, gitaa mapajani, hakuniangalia. Akanieleza jambo ambalo jana hakunieleza. Papa Prospère, kila aliporudi kutoka reli, kabla ya kuvua viatu, alipitisha kidole gumba mara moja juu ya nyuzi zote. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yake. Tangu afe, Mama hupitisha kidole vilevile kila jioni, na kwa muda mfupi mume anakuwa amerudi nyumbani. Jana jioni alipitisha. Akaingia mgeni.

"Papa Kyungu," akaniuliza, "weye ulikuta hizi nyuzi namna gani?"

Nikasema ni upepo wa ziwa. Wakati wa kiangazi upepo huu hukausha nyuzi na kuzivuta. Nilieleza vizuri, hata mimi niliamini kidogo.

Mama akaangalia funguo za gitaa. Kisha akasema, "Basi umuambie upepo arudishe."

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimejaribu kurudisha. Nalegeza, napitisha kidole, Mama anafumba macho, anasema hapana. Nakaza. Hapana. Tulianza jua likiwa juu, tukamaliza mbuzi wanarudi. Ile sauti nilikuwa nayo mikononi Jumatatu, na sikuisikiliza hata mara moja. Niliikaza tu.

Uzi mmoja ukakatika. Nikaweka uzi wa waya wa breki, kama zamani Manono. Waya ni wa baiskeli ya Bertin. Bertin hajajua bado.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Bertin amejua. Alijua akiwa anashuka kilima kwenda bandarini, akasimama ndani ya meza ya mama wa maandazi. Goti limechubuka. Hazungumzi nami, ila ananitaja kwa wengine, kwa sauti.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Katika Kalemie yote, mtu mmoja tu anaijua sauti ile. Ni Edouard. Bahati yangu!

Edouard anaongoza korali ya parokia na kufundisha gitaa kwa ubao, chaki na do-re-mi. Alipiga pamoja na Prospère miaka kumi na miwili. Mwaka niliofika hapa alinisikiliza, akasema napiga kama mtu anayeshusha mizigo. Tangu siku ile simsalimu. Kumuomba siwezi. Lakini kumtega naweza.

Nikaenda kwenye mazoezi ya korali. Nikasema kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba marehemu Prospère hakuwa mpiga gitaa, hata nyuzi hakujua kuzikaza. Nilitaka akasirike, achukue gitaa lake, atuonyeshe jinsi Prospère alivyolipanga. Mimi ningeshika sauti kwa sikio na kuondoka nayo.

Hakukasirika. Aliangalia mikono yangu muda mrefu. Akaiambia korali iendelee kuimba, akanitoa nje.

"Uligusa gitaa la Prospère?"

Nikasema upepo wa ziwa.

"Prospère tulimuzika mara moja," akasema. "Weye umemuzika tena."

Nimebeba mifuko mizito katika maisha yangu. Ule sikupata pa kuuweka.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Edouard ameweka sharti. Niende mwenyewe kwa Mama, niseme ukweli, ndipo naye atakuja. Nilizunguka soko lote nikitafuta njia ya kusema ukweli bila kuusema. Nikafikiri kumwambia kwamba Edouard amekataa kwa kiburi. Nikafikiri kuugua.

Mwisho nikaenda. Nikamwambia Mama kwamba upepo ulikuwa na mikono.

Alikuwa anapanga ndagala zake kwenye sinia. Akasema alijua tangu Jumanne. Upepo wa ziwa hauachi vumbi la saruji kwenye funguo za gitaa.

Nikamuuliza kwa nini hakunifukuza. Akasema mume hana mwingine ila sauti ile, na kunifukuza kusingeirudisha. Alingoja nione aibu, kwa sababu mtu mwenye aibu hurudi kutengeneza. Kisha akanipa bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Nilikula macho yakiwa chini.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Edouard amekuja, na uzi mpya mfukoni. Ule wa breki aliutoa kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya. Akalegeza uzi mnene. Akalegeza na wa pili yake. Akasikiliza, sikio juu ya mbao, akafumba macho, akalegeza tena kidogo sana. Hakuandika do-re-mi popote. Akampa Mama.

Mama akapitisha kidole gumba.

Akavuta kitenge, akafunika uso. Edouard akageuka kuangalia ziwa. Mimi nami nikaangalia ziwa, ingawa pale nilipokaa palikuwa na ukuta.

Baadaye somo likaanza. Kwa nyuzi zile vidole vyangu havijui njia yoyote. Nilipoweka kidole pa kawaida, sauti ilitoka mahali pengine. Nikakaa mkekani na Mama, Edouard akatufundisha sote wawili. Anasema mimi ndiye mzito kuelewa.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Wameondoa matanga. Mama alivuliwa nguo nyeusi, akavishwa kitenge cha rangi ya machungwa. Akakaa mbele ya ukoo wa mume. Akapitisha kidole mara moja. Wazee wa reli waliokuwa wakinywa wakaweka glasi chini, mmoja akageuka kuangalia mlango.

Kisha akapiga. Katikati alipotea, akasimama. Hakuna aliyecheka. Akarudi mwanzo, akapita pale, akafika mwisho.

Jean-Luc akapokea gitaa. Mama akamuomba jambo moja: asiziguse nyuzi, na kila Jumapili alilete, Mama apitishe kidole chake. Jean-Luc akakubali mbele ya wote.

Ndipo mtu akauliza ninachongoja tangu nina miaka saba: nani alikufundisha, Mama? Akamuonyesha Edouard. Macho yakanijia mimi, niliyekuwa nimeshaanza kuinama. Na yule?

"Yule?" Mama akasema. "Yule tulisoma naye."

Bertin alicheka mpaka goti likamuuma. Nimefurahi kwamba liliuma.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Saruji tangu asubuhi. Mgongo, tusiuzungumze.

Saa nane Jean-Luc akafika bandarini kwa pikipiki, gitaa mgongoni. Anataka kujifunza. Edouard hana nafasi kabla ya sikukuu ya parokia. Jean-Luc akakumbuka kwamba mimi nilisoma na mjane. Mwanafunzi! Sikutafuta, amekuja mwenyewe. Nikamkalisha juu ya mifuko, nikamwambia sharti la kwanza la muziki ni kusikiliza, na kuheshimu kitu cha mtu. Alitikisa kichwa kwa heshima. Kisha akaenda kumsalimu binamu yake kwenye mashua inayokwenda Zongwe, akaniachia gitaa.

Nikaangalia nyuzi. Kuangalia tu. Lakini uzi mnene ulionekana umelegea kupita ulivyokuwa Jumamosi. Pikipiki, barabara ya mashimo, ni lazima. Na sauti ya Prospère sasa ninayo kichwani, naijua vizuri. Karibu vizuri. Nikaukaza kidogo. Ukazidi. Nikaurudisha. Ukapita. Nikagusa na wa pili yake, ulingane.

Jean-Luc akarudi, akapitisha kidole gumba, akakunja uso. Akauliza kwa nini linasikika hivi, ilhali Jumapili anampelekea Mama.

Nikamwambia ni upepo wa ziwa.